Mwongozo Kamili: Kulinganisha Wagombea wa Kongresi ya Marekani Kabla ya Kupiga Kura

Wapiga kura wengi hukwama kwenye kazi hii kwa sababu moja. Wanachukua kura alizopiga mbunge aliyepo, wanaziweka kwenye mizani na ahadi za mpinzani wake, kisha wanadhani wamelinganisha. Kura si ahadi. Aliyewahi kupiga kura amejifunga. Aliyeahidi bado ana njia ya kutokea. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuweka kura kando ya kura, kauli kando ya kauli, fedha kando ya fedha, na kuacha wazi kisanduku ambacho hakina ushahidi.

Umeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili waliopata uraia wa Marekani na watakaopiga kura Novemba 3, 2026, siku ambayo viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi vinagombewa. Mbinu hizi zinafaa pia kwa Seneti, ambako theluthi moja hivi ya viti 100 hugombewa kila baada ya miaka miwili.

Neno moja la tahadhari kuhusu msamiati. Kwetu Tanzania "jimbo" ni eneo la mbunge, lakini hapa jimbo ni Texas, Ohio au Minnesota. Eneo la mbunge tutaliita wilaya ya uchaguzi.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi mbili za A4 zilizobandikwa pamoja kwa upana, au lahajedwali kwenye kompyuta. Simu haifai kwa kazi hii; majedwali ya fedha za kampeni hayasomeki vizuri kwenye kioo kidogo.
- Kalamu za rangi mbili: moja ya kauli, nyingine ya ushahidi. Ukizichanganya, mwisho wa siku hutajua kipi ni kipi.
- Anwani yako kamili ya makazi, pamoja na namba ya nyumba.
- Sampuli ya karatasi ya kura ya eneo lako. Inatolewa na ofisi ya uchaguzi ya jimbo au kaunti, kwa kawaida wiki chache kabla ya uchaguzi.
- Muda wa saa tano hivi, ukiugawa katika jioni tatu. Ukilazimisha yote usiku mmoja, utaanza kujaza visanduku kwa kukisia.

## Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa na umesajiliwa

Uchaguzi wa Kongresi ni wa raia peke yao. Mwenye grinikadi haruhusiwi, hata kama ameishi Marekani miaka 20 na analipa kodi zote.

Onyo: Kujisajili kwa kuweka alama kwenye kisanduku cha "mimi ni raia" wakati si raia ni kosa zito, na linaweza kumfikisha mtu kwenye kufukuzwa nchini. Wengi hujikuta kwenye mtego huu wanapochukua leseni ya udereva, kwa kuwa fomu ya usajili wa kura hutolewa palepale. Soma kila kisanduku. Kama hujala kiapo cha uraia, kataa kwa upole na uendelee na leseni yako.

Kwa raia, anza na vote.gov na uchague jimbo lako. Texas hufunga usajili siku 30 kabla ya uchaguzi. Minnesota na Maine huruhusu kujisajili hata siku yenyewe ya kura.

Umefaulu ikiwa: jina na anwani yako vinaonekana sawa kwenye tovuti ya uchaguzi ya jimbo lako.

## Hatua ya 2: Tafuta wilaya utakayopigia kura

Hapa ndipo watu wanapoteza kazi ya jioni nzima. Wanaingia house.gov, wanaandika msimbo wa posta, wanapata jina la mbunge, wanaanza kumchunguza. Kuna makosa mawili yanayojificha hapo.

La kwanza: msimbo mmoja wa posta unaweza kugawanyika katika wilaya mbili au zaidi. Tumia anwani kamili siku zote.

La pili ni baya zaidi. House.gov inakuonyesha nani anakuwakilisha *sasa*, si nani atakuwa kwenye karatasi yako ya kura. Mwaka 2025 Texas ilichora upya ramani ya wilaya zake, na California ikafuata baada ya wapiga kura kuidhinisha ramani mpya Novemba 2025. Majimbo mengine yamefanya vivyo hivyo. Mtaa wako huenda umehamishiwa wilaya nyingine wakati wewe hujahama hata chumba. Kwa hiyo sampuli ya karatasi ya kura ndiyo neno la mwisho.

Andika majina yote yaliyo kwenye sampuli, wakiwemo wa vyama vidogo na wasio na chama.

Umefaulu ikiwa: una namba ya wilaya na orodha kamili ya wagombea, vyote kutoka ofisi ya uchaguzi.

## Hatua ya 3: Andika maswali yako kabla ya kusoma chochote cha mgombea

Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo inayoshikilia nyingine zote. Ukianza na tovuti ya mgombea, atakuchagulia maswali: atakuonyesha mambo matano aliyo hodari nayo, nawe utamlinganisha mwenzake kwa hayohayo. Hilo si pambano la haki.

Andika masuala matano au sita yanayogusa maisha yako. Kisha gawa alama 20 kati yake kulingana na uzito, mfano:

- Kodi ya kutuma pesa nyumbani: 6
- Medicaid: 5
- Muda wa kusubiri maombi ya familia za wahamiaji: 5
- Mikopo ya vyuo: 2
- Chama kitakachoshika Baraza: 2

Mstari wa mwisho usiuache. Kuna ushauri unaosema "angalia mtu, usiangalie chama", na ushauri huo haufai kwa Baraza la Wawakilishi. Kabla hata ya kuapishwa, mbunge mpya hupiga kura ya kumchagua Spika, na karibu kila mara humchagua wa chama chake. Chama kinachofikisha wajumbe 218 ndicho kinachoamua miswada ipi ijadiliwe na kamati ziongozwe na nani. Kipe chama mstari wake na uzito wake, ili kisijipenyeze kimyakimya kwenye mistari mingine.

Jihadhari na Kiswahili chenyewe. Lugha yetu ina maneno ambayo yatakuchanganya kwenye jedwali:

"Kodi" ni ile ya serikali na pia ni ya nyumba. Mgombea anayeahidi kupunguza moja hajaahidi nyingine.

"Mkimbizi" na "mwomba hifadhi" ni hali mbili tofauti kisheria. Mkimbizi amekubaliwa akiwa nje ya Marekani. Mwomba hifadhi anaomba akiwa tayari nchini au mpakani. Mgombea anaweza kuunga mkono mmoja na kumkataa mwingine.

"Bima ya serikali" inaweza kuwa Medicare, ya wenye umri wa miaka 65 na kuendelea na baadhi ya wenye ulemavu, au Medicaid, ya wenye kipato kidogo. Andika jina lenyewe.

Umefaulu ikiwa: alama zako zinajumlisha 20 na hujaandika jina la mgombea yeyote bado.

## Hatua ya 4: Chora jedwali na uchuje ahadi

Masuala yakae upande wa kushoto, wagombea juu. Kila kisanduku kigawe mara tatu: alisema nini, alifanya nini, tarehe.

Sasa fungua tovuti za wagombea, nakili ahadi zao, na uzipitishe kwenye chujio: je, mbunge wa Baraza ana mamlaka juu ya jambo hili?

Mbunge hutunga sheria za nchi nzima, huidhinisha matumizi ya serikali kuu na huihoji serikali. Haajiri polisi wa mji wako, hapangi mitaala ya shule za kaunti, hatoi leseni za biashara. Majaji na mabalozi huthibitishwa na Seneti, kwa hiyo mgombea wa Baraza anayeahidi majaji fulani anaahidi kazi ya watu wengine. Ahadi za namna hiyo zipigie mstari na usizipe alama.

Ipo kazi moja ya mbunge ambayo haionekani kwenye mabango lakini ni muhimu sana kwa jamii zetu. Ofisi yake ya wilaya husaidia wakazi walioganda kwenye idara za serikali kuu: maombi ya uhamiaji yasiyojibiwa, pasipoti iliyochelewa, mafao ya wazee. Hawezi kuamuru ombi likubaliwe, ila anaweza kuuliza na kudai jibu. Muulize mpinzani ataweka ofisi wapi na atakuwa na wafanyakazi wangapi wa kazi hiyo. Kwa aliyepo, piga simu ofisini kwake uone inapokelewa baada ya muda gani na wanaomba fomu ipi ya idhini.

## Hatua ya 5: Soma kura za aliyepo, kwa umakini

Ingia congress.gov, tafuta jina la mbunge, utaona miswada aliyoiwasilisha na aliyoiunga mkono kwa saini. Kura zenyewe, za kuitwa jina kwa jina, ziko kwenye tovuti ya Karani wa Baraza, clerk.house.gov. Utakuta majibu manne: ndiyo, hapana, yupo, hakupiga.

Tuchukue suala la kutuma pesa, kwa sababu limepotoshwa mno. Mwaka 2025 mswada H.R. 1 ulianza kwenye kamati ukiwa na kodi ya asilimia 5 kwa pesa zinazotumwa nje na wasio raia. Ulipopitishwa na Baraza Mei 22 kwa kura 215 dhidi ya 214, kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 3.5. Seneti ikaubadilisha tena: asilimia 1, kwa kila mtumaji awe raia au la, lakini kwa pesa taslimu, hawala ya karatasi (money order) na hundi za benki (cashier's check) tu. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa Marekani haguswi. Toleo hilo ndilo lililopita Baraza Julai 3 kwa kura 218 dhidi ya 214, likasainiwa siku iliyofuata, na kodi ikaanza Januari 2026.

Tazama makosa yanayoweza kutokea hapo. Kipeperushi kinachosema "alipiga kura tutozwe asilimia 5" si kweli, maana kiwango hicho hakikufika kwenye ukumbi wa Baraza. Kinachosema "aliwalinda raia" kinazungumzia toleo la Mei, si sheria iliyopo. Na mbunge anaweza kudai aliukubali mswada kwa sababu nyingine kabisa, kwa kuwa ulikuwa na mamia ya kurasa kuhusu kodi, afya na mipaka.

Kwa hiyo fuata taratibu hizi:

1. Hesabu kura ya mwisho ya toleo lililokuwa sheria. Za awali ziandike kama maelezo.
2. Mswada wa kifurushi uwekee herufi K. Utampunguzia mbunge alama moja ya uhakika kwenye hatua ya 10, kwa sababu kura ya kifurushi haisemi wazi alitaka kipande kipi.
3. Usihesabu kura za utaratibu, kama vile kanuni za mjadala au hoja ya kurudisha mswada kwenye kamati. Hizo karibu wote hupiga kwa chama.
4. Tazama tarehe za saini. Kuwasilisha mswada au kusaini siku ya kwanza ni tofauti na kujiunga baada ya wenzake 200.
5. Usivutwe na wingi wa miswada aliyoiwasilisha. Kila muhula wa miaka miwili huwasilishwa zaidi ya 10,000, na inayokuwa sheria ni mamia tu.

Kuna saini moja yenye nguvu ambayo watu huisahau: ombi la kuuondoa mswada kwenye kamati na kuuleta ukumbini. Linahitaji saini 218, na majina ya waliosaini huwekwa wazi. Kama ombi hilo liliwasilishwa, mbunge anayesema "naunga mkono ila uongozi unauzuia" alikuwa na nafasi ya kusaini. Angalia kama alisaini.

Angalia pia pengo kati ya kura na picha. Sheria ya miundombinu ya 2021 ilipita Baraza kwa 228 dhidi ya 206. Mbunge akijitokeza kwenye uzinduzi wa daraja lililojengwa kwa fedha hizo, linganisha picha yake na kura yake.

## Hatua ya 6: Mtafutie mpinzani rekodi inayolingana

Wapinzani wengi wana rekodi, ila haiko congress.gov. Aliyekuwa kwenye bunge la jimbo ana kura kwenye tovuti ya bunge hilo. Diwani ana kumbukumbu za vikao. Mwendesha mashtaka ana kesi. Mfanyabiashara ana usajili wa kampuni kwa katibu wa jimbo. Daktari au wakili ana leseni, na adhabu za kitaaluma kwa kawaida huwekwa wazi.

Asiyekuwa na rekodi kabisa hapewi alama za huruma wala za adhabu. Kisanduku chake kinabaki na kauli tu.

## Hatua ya 7: Fuata fedha

Ingia fec.gov, tovuti ya Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi. Andika jina la mgombea, hakikisha jimbo na wilaya vinalingana, kisha fungua sehemu ya mapato. Andika namba tano: jumla, michango midogo isiyozidi dola 200 kwa mtu, michango mikubwa, michango ya kamati nyingine za kisiasa, na fedha zake mwenyewe au mikopo. Kwa msimu wa 2025 na 2026 mtu mmoja haruhusiwi kumchangia mgombea zaidi ya dola 3,500 kwa kila uchaguzi. Mchujo na uchaguzi mkuu huhesabiwa mbalimbali. Fedha za mgombea mwenyewe hazina kikomo.

Makosa matatu hujirudia hapa:

Kudhani mwajiri ndiye mchangiaji. Makampuni hayaruhusiwi kumchangia mgombea moja kwa moja. Jina la kampuni linaonekana kwa sababu mchangiaji wa zaidi ya dola 200 hutakiwa kutaja mwajiri wake. Mwalimu akichanga, jina la wilaya ya shule litatokea, na haimaanishi shule imetoa hata senti.

Kudhani ActBlue au WinRed ni tajiri anayemfadhili mgombea. Ni mifereji ya malipo ya mtandaoni. Pesa imetoka kwa watu waliotajwa.

Kusahau fedha za nje ya kampeni. Kamati zinazoitwa Super PAC hazina kikomo, alimradi hazipangi mambo pamoja na mgombea. Ziko kwenye sehemu ya matumizi huru, zikionyesha nani ametumia kumuunga mkono au kumpinga nani. Katika wilaya zenye ushindani, fedha hizi zinaweza kuzidi za wagombea wenyewe.

Ripoti za robo mwaka hutakiwa kuwasilishwa ifikapo Aprili 15, Julai 15 na Oktoba 15. Ya kabla ya uchaguzi mkuu wa 2026 inatakiwa Oktoba 22. Rudi uitazame, yaliyofichwa na kalenda hutokea hapo.

Kisha fungua taarifa za mali kwenye disclosures-clerk.house.gov. Thamani hutolewa kwa madaraja, mfano dola 1,001 hadi 15,000, kwa hiyo usitafute namba kamili. Tafuta hisa katika sekta zinazogusa masuala yako.

## Hatua ya 8: Pima matangazo na jumbe za WhatsApp

Soma maandishi madogo ya nani amelipia. Tangazo la televisheni la mgombea mwenyewe lazima liwe na sauti yake akisema ameliidhinisha. Vituo vya utangazaji haviruhusiwi kulihariri wala kulikataa kwa sababu ni la uongo. Kutangazwa si uthibitisho wa ukweli.

Video fupi: tafuta ndefu, sikiliza dakika mbili kabla na mbili baada. Ujumbe wa sauti wa Kiswahili unaosema "fulani amesema hivi": uliza tarehe, mahali, na maneno yenyewe ya Kiingereza. Bila hivyo vitatu, hauingii kwenye jedwali, hata kama umetumwa na mchungaji au imamu unayemheshimu.

## Hatua ya 9: Waulize wote swali lilelile

Swali baya: "Una msimamo gani kuhusu wahamiaji?" Utajibiwa hotuba.

Swali zuri: "Je, utapiga kura kufuta kodi ya asilimia 1 ya pesa zinazotumwa nje, ndiyo au hapana? Kama ndiyo, utafidia mapato hayo kwa njia gani?"

Watumie siku moja, maneno yaleyale, na wape siku 10. Jibu la mfanyakazi wa ofisi liandike hivyo: "ofisi", si "mgombea". Kimya nacho kiandike.

## Hatua ya 10: Piga hesabu

Kila kisanduku kipe alama ya uhakika: 3 kwa kura, saini au uamuzi uliorekodiwa, 2 kwa mpango ulioandikwa wenye namba ya mswada, kiasi au tarehe, na pia kwa kura yenye herufi K, 1 kwa kauli tupu, 0 kwa kimya. Weka jumlisha kama anakubaliana nawe, toa kama anapingana nawe. Zidisha kwa uzito.

Mfano: uzito wa kutuma pesa ni 6. Aliyepo aliukubali mswada wa kifurushi: −2 × 6 = −12. Mpinzani anasema ataifuta kodi, bila mpango: 1 × 6 = 6.

Mbinu hii haimwonei asiye na rekodi. Kura nzuri humpandisha aliyepo, na mbaya humshusha kwa nguvu ileile. Tofauti ya jumla ikiwa chini ya alama 6, chukulia wamelingana, na urudi kwenye suala lenye uzito mkubwa kuliko yote usome ushahidi upya. Usibadilishe uzito ili mtu wako ashinde. Ukijikuta unafanya hivyo, tayari umejua unampenda nani, na ni afadhali ujikubalie.

## Hatua ya 11: Ingia na karatasi yako

Majimbo mengi huruhusu karatasi ya kumbukumbu chumbani mwa kura, lakini si yote yanayoruhusu simu. Texas hukataza simu ndani ya futi 100 kutoka vyumba vya kura. Piga simu ofisi ya kaunti kuuliza. Fulana na kofia za kampeni ziache nyumbani.

Asiyeweza kusoma Kiingereza ana haki kisheria ya kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe: mtoto wake, jirani, yeyote isipokuwa mwajiri wake, kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi, au mawakala wao. Sheria ya nchi hailazimishi karatasi za kura zitolewe kwa Kiswahili, kwa hiyo panga msaidizi mapema.

Maine na Alaska hukuruhusu kupanga wagombea kwa mapendeleo: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jaza zaidi ya mmoja. Mwaka 2018, katika wilaya ya pili ya Maine, Bruce Poliquin aliongoza hesabu ya kwanza, lakini Jared Golden akashinda baada ya chaguo za pili kugawanywa. Usimpe mgombea mmoja nafasi mbili, haiongezi chochote.

Ukikosea kujaza, usifute wala kukwangua. Mrudishie msimamizi karatasi hiyo, omba nyingine kabla hujaiingiza kwenye mashine, kisha anza upya ukiwa na jedwali lako mkononi.